Nguzo Waliyoiita Mvivu

2 Juni

Wewe mtoto,

Nani kakupa ruhusa ya kumwita mtu mzembe kwenye kitabu, mtu usiyemjua, aliyekufa kabla mama yako hajazaliwa? Usinijibu bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Salamu zipo, sijazisahau, ila leo zimekaa nyuma. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma nikiinuka, likishapata moto linaniacha. Mjomba wako katoka hospitali na mguu umefungwa kama mzigo wa posta, analalamika kutwa. Nimemwambia tulalamike kwa zamu, asubuhi yeye, jioni mimi. Mama yako kapeleka cherehani kwa fundi mara ya tatu mwaka huu. Kuku mweupe kaacha kutaga, anakula bure kama mgeni.

Sasa nikuseme.

Kijitabu chako kimefika. Nimekisoma siku nne, maana herufi nazijua lakini haziniji mbio. Nilisoma kwa kidole, na mama yako pembeni anajisifu, "Mwanangu kaandika kitabu." Picha nzuri. Bustani nimeitambua. Bwawa nimelitambua. Na kile kibanda cha mfalme chenye pembe nane nimekitambua pia, ingawa wewe umekiita "kasri dogo la mapumziko". Kasri gani lisilo na mlango? Sisi tulikiita kibanda, na mfalme mwenyewe alikiita kibanda.

Nikafika ukurasa wa tisa. Umeandika hivi, nanakili: "Nguzo ya nane haigusi sakafu kwa sababu fundi wa kwanza, aliyekuwa mzembe, aliikata fupi." Fundi huyo ni baba yangu. Ni babu yake mama yako. Wewe umekaa ofisini na kalamu ya serikali, unamtukana mtu wa kwenu na picha ya rangi umeweka.

Na ukurasa wa kumi na moja umeandika kwamba katika matengenezo ya mwaka huu hilo pengo chini ya nguzo litazibwa kwa saruji, "ili jengo lirudi katika heshima yake".

Lisizibwe. Sikuombi, nakwambia. Mwambie mkuu wako liachwe wazi kama lilivyo.

Niandikie upesi, na usiniandikie kwa mashine. Maandishi ya mashine sijui kama umekasirika au umecheka.

Bibi yako

21 Juni

Shikamoo Bibi,

Naandika kwa mkono, na ujue nimekasirika kidogo na nimecheka kidogo. Poleni na mguu wa mjomba. Mwambie mama kama cherehani imemshinda fundi mara tatu, basi abadilishe fundi, cherehani haina kosa. Mimi ni mzima, chumba changu bado ni kile kile, mwenye nyumba bado anapika kwa kelele.

Bibi, naomba radhi. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa ofisi, nikaona aibu kama mtu aliyevuliwa kilemba. Sikujua. Lakini na mimi nikulaumu. Mwaka wa tatu huu nipo ofisi ya mambo ya kale, kila likizo nakuja kukusimulia habari za bustani ile na kibanda kile, nawe unachambua mchele, huinui hata kichwa. Nikisema, "Bibi, kuna nguzo ya ajabu haigusi chini," unanijibu, "Niletee ule ungo mwingine." Hata siku moja hukusema, "Aliyejenga ni baba yangu." Kwa nini?

Neno "mzembe" sikulitunga mimi. Liko kwenye daftari la nyumba ya mfalme, tunalo hapa kwenye kabati la chuma. Maneno ni machache: "Paa la kibanda cha bustani limeanguka. Mdogo wake mfalme, binti, amefariki. Fundi amekiri uzembe wake na amefukuzwa mjini." Basi. Mimi nilichukua pengo na nikachukua uzembe, nikaviunganisha. Kumbe ndivyo kila mtu anavyoviunganisha hapa, hata wale wanaotembeza wageni.

Nimeona barua yako inazungumzia nguzo, haizungumzii paa.

Kuhusu kuziba: mkuu wangu ameshaamua. Wageni wanapenyeza karatasi na sarafu chini ya nguzo kutafuta bahati, panya nao wamepapenda. Tarehe 26 Septemba tunafungua rasmi, na watoto arobaini wa shule watasimama mle ndani kuimba. Anataka nguzo iliyosimama kama nguzo.

Nikimwambia "bibi kasema", atanicheka mpaka jioni. Nipe sababu, Bibi. Nitaipeleka mwenyewe.

Mke mwenzio

8 Julai

Mke mwenzangu, marahaba.

Mguu wa mjomba wako unapona, mdomo ndio umezidi kuugua. Muuguzi anayekuja kumbadilishia bandeji ni binti mmoja mpole, mjomba wako akimwona anaacha kulalamika na kuanza kunyoosha kola. Mama yako kabadilisha fundi. Cherehani inashona, ila inarudi nyuma yenyewe ikipenda.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Hukuniuliza nani kajenga. Uliniambia kuna nguzo ya ajabu. Mimi sioni ajabu.

Tuanze na hizo hadithi zenu za ukurasa wa kumi. Ya kwanza, eti mfalme aliamuru nguzo ining'inie ili aonyeshe unyenyekevu. Mfalme yule? Mtu aliyebebewa kiti hata akienda kujisaidia? Ya pili, eti malkia kila asubuhi alipitisha uzi wa hariri chini ya nguzo, ukikwama ajue mumewe ana mwanamke mwingine. Mfalme alikuwa na wake wanne, wanakula meza moja. Uzi wa nini? Ya tatu, ya binti anayesikika akilia juu ya paa mvua ikinyesha. Hiyo siigusi.

Sasa sababu uliyoitaka. Baba alichimba misingi minane. Saba alikuta mwamba, jembe likalia. Wa nane, ule wa upande wa bwawa, alichimba mpaka akazama mzima, ngazi ikawa fupi, na bado ni udongo mweusi tu. Udongo ule kiangazi unapasuka unaweza kutia mkono. Mvua ikinyesha unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukisimamisha nguzo juu yake, ardhi itainua sakafu, sakafu itainua nguzo, nguzo itasukuma boriti, na boriti itatoka kwenye tundu lake. Vigae vilivyo juu vizito, unavijua.

Baba akamwendea mfalme, akamwomba kibanda kiwe na pembe saba. Mfalme akasema nane. Baba akarudi, akaining'iniza ya nane kutoka kwenye boriti, haibebi kitu, na chini yake akaacha nafasi ya kidole gumba, ardhi ipate pa kuvimbia. Alisema, "Hii kazi yake ni kukaa kimya." Watu wakaiita Mvivu. Wakawa wanakuja makundi kuicheka.

Hiyo ndiyo sababu. Mpelekee mkuu wako. Ukiona anakucheka, mwache acheke, mradi saruji isishuke.

La paa usiniulize.

Bibi

1 Agosti

Shikamoo Bibi,

Tuko salama. Mwambie mama nimepata kitambaa alichotaka, nitakituma na mtu. Na huyo muuguzi mwambieni mjomba alishaoa.

Nilipeleka maneno yako kwa mkuu wangu. Nakiri niliyapamba kidogo, nikasema "kwa mujibu wa mapokeo ya familia ya fundi". Hakucheka. Alimwita mhandisi, na mhandisi akachimba shimo pembeni ya kibanda. Mkono mmoja tu chini, mwamba. Akapangusa mikono, akaniambia, "Dada, mapokeo yenu yamekutana na jiwe." Wote wakacheka, hata yule anayetuletea chai.

Bibi, nimekuwa nikisimama pale mwenyewe mchana, watu wakiwa wameenda kula. Naitazama nguzo. Ile kazi si ya mtu mzembe. Maua yaliyochongwa yanazunguka mpaka chini kabisa, mpaka mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Basi kama aliliacha pengo kwa makusudi, na pengo lilikuwa sahihi, paa lilianguka kwa sababu gani? Na yeye alikiri nini? Mtu hakiri kosa ambalo hakulifanya, tena kosa la kuua mtu, tena mbele ya mfalme. Ama daftari linasema uongo, ama wewe unanificha.

Nilipiga simu kwa mwenye duka wa jirani yenu. Anasema alikuita, ukaja mpaka kizingitini, ukauliza nani, akasema mjukuu wako wa ofisi ya mambo ya kale, ukageuka ukarudi nyumbani. Alidhani umesahau miwani.

Saruji imeshaletwa. Mifuko iko kwenye banda la watunza bustani. Siwezi kuizuia kwa nusu ya habari.

Mke mwenzio

14 Agosti

Sote wazima.

Muulize huyo mhandisi, amechimba wapi? Nina hakika amechimba upande wa lango, kwenye kivuli, asichafue viatu. Achimbe upande wa bwawa, chini ya Mvivu mwenyewe. Akikuta mwamba hapo mimi nitaula.

Simu ya dukani sizungumzii mambo ya kwetu. Pale mtu akinunua kiberiti anaondoka na habari zako zote.

Hayo ya kukiri ni ya watu waliokufa. Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto anajua nini. Usinichokonoe. Nimelea mama yako, nimekulea wewe mpaka umejua kusoma, na hakuna hata siku moja mmekosa chakula kwa sababu ya jambo nililonyamaza. Sasa umepata kiti na meza unaniita mwongo.

Zuia saruji.

Bibi

12 Septemba

Shikamoo Bibi,

Barua yako ya tarehe 14 nimeipata juzi. Iliwekwa kwenye trei ya mtu aliyekuwa likizo, ikakaa humo chini ya faili za watu wengine. Samahani. Nimewasema, lakini haisaidii.

Bibi, wameshaziba. Tarehe 24 Agosti. Nilikuwepo, na nikukiri jambo: sikusema neno. Nilikuwa nimekuchukia kidogo siku zile, kwa kugeuka kule dukani. Nikasema moyoni, kama yeye hataki kusema, mimi nipigane kwa niaba ya nani? Fundi alijaza vizuri sana, akapaka, akasafisha. Mkuu wangu akapiga picha na nguzo kama amepiga na bibi harusi.

Mvua zimewahi mwaka huu. Zimeanza tarehe 3, hazijapumzika. Juzi, baada ya barua yako, nilichukua sururu nikaenda mwenyewe upande wa bwawa. Nimechimba mpaka kiunoni. Hakuna mwamba. Udongo ni mweusi, unanata kwenye sururu kama gundi.

Jana nilipanda ngazi. Kwenye boriti iliyo juu ya nguzo ya nane kuna ufa. Ni mwembamba, unywele tu. Sijui kama ulikuwepo. Mhandisi anasema mbao za zamani zote zina nyufa kama uso wa mzee, upakwe rangi. Mkuu wangu anasema nikimletea tena habari za udongo atanihamishia stoo. Watoto wanafanya mazoezi mle ndani kila siku saa nne, kwa sababu uwanjani kuna matope. Arobaini, Bibi. Wanapanga mistari mitano, wadogo mbele.

Sina cheo cha kusimamisha kazi. Kitu pekee kitakachowasimamisha ni mtu aliyeona. Kama uliona, sema uliona nini. Kama hukuona, niambie hukuona, nami nitaacha kukuuliza na nitafute njia nyingine.

Barua hii naituma kwa dereva wa gari la ofisi anayepita huko kesho. Sitaki trei tena.

Mjukuu wako

14 Septemba

Mjukuu wangu,

Salamu leo sina. Dereva wako kanikabidhi barua jana jioni na mimi sijalala. Naandika mwenyewe, na mama yako nimemtuma sokoni kununua kitu tusichokihitaji.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akitengeneza kingo za bwawa, mimi nampelekea maji ya kunywa. Watoto wa watunza bustani wakiniona wanaimba, "Baba yako kakata nguzo kama suruali ya kurithi." Yaani fupi, haifiki chini. Wakubwa wakicheka nao. Baba hakuwajibu hata mara moja. Alikuwa anajua alichokifanya, kwa hiyo haikumuuma. Mimi sikujua. Hakuwahi kunieleza habari za udongo, nani anamweleza mtoto wa kike habari za udongo? Niliona baba kakosea na anavumilia aibu, nikasema mimi nitamstiri.

Alisafiri kufuata mbao, siku kumi. Akaacha karai, chokaa, na mwiko wake mdogo wa kumalizia pembe. Siku tatu, saa ya jua kali, walinzi wakiwa wamejilaza kivulini, nikaingia kibandani, nikalala kifudifudi. Nikajaza chokaa na kokoto chini ya nguzo. Nikashindilia kwa kijiti mpaka mikono ikachubuka. Siku ya tatu nikapiga mwiko juu, nikafuta kwa kitambaa chenye maji, kama nilivyomwona yeye akifanya. Ilitoka safi. Wale watoto wakapita, wakaona nguzo imesimama, wakanyamaza. Nikatembea kifua mbele kama jogoo.

Mvua ikanyesha kabla hajarudi. Siku tano mfululizo. Siku ya sita jua likatoka, na mdogo wake mfalme akaenda kukaa kibandani kukausha nywele. Alikuwa anaposwa mwaka ule. Alikuwa msichana wa maneno mengi, alizoea kuniita "fundi mdogo" na kunipa vipande vya utepe vilivyobaki kwenye nguo zake. Mimi nilikuwa bwawani nachota maji. Kwanza nilisikia mlio kama mtu anavunja kuni. Akainua kichwa kutazama juu. Hapo sitakuandikia zaidi, niliona na inatosha mimi kuona.

Baba akarudi siku ya pili yake. Walinzi wakampokea njiani, wakampeleka moja kwa moja kwenye kifusi, na mimi nikafuata nyuma. Akapiga goti kwenye shina la nguzo. Akapitisha kidole kwenye ile chokaa. Mkono wake yeye ulivuta mwiko kwa mstari mrefu. Ile ilikuwa mistari mifupi mifupi. Akakaa hapo hapo, kidole kwenye chokaa, muda mrefu. Halafu akageuza shingo akaniangalia. Mara moja tu. Akainuka, akamwambia mkuu wa walinzi, "Niliziba mwenyewe kabla ya safari. Nilisahau habari ya mvua."

Hicho ndicho alichokikiri.

Walimfukuza. Kabla ya kuondoka alimwomba fundi aliyekuja kuezeka upya aache tena nafasi ya kidole, na yule alikuwa mtu wa maana, akaiacha. Ndiyo hiyo iliyokuwepo mpaka tarehe 24 Agosti. Baba mwiko hakuushika tena. Alibeba matofali kwenye majengo ya watu wengine, mafundi wa rika la watoto wake wakimtuma "wee mzee, leta haraka". Tuliishi nyumba moja miaka kumi na minne baada ya hapo. Hakuniuliza, na mimi sikusema. Alipougua nilikaa kitandani kwake wiki nzima, maneno haya yakiwa mdomoni. Akafa, nikayameza.

Wewe ndiye mtu wa kwanza. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba umenichukia kidogo. Ungenichukia sana ningeelewa.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu. Kwanza mtoto yeyote asikanyage mle ndani, mwambie mwalimu kuna nyoka, mwambie chochote. Pili tafuta seremala mzee, si kijana, iwekeeni boriti egemeo la magogo pande zote mbili kabla ya kugusa kitu. Tatu chukua tindo na nyundo ya mkono. Mashine isiingie, itaitikisa. Anzeni upande wa bwawa, mwende mkiondoa kidogo kidogo kuzunguka. Usingoje saini ya mtu.

Barua hii anakuletea muuguzi wa mjomba wako, anakuja mjini kwa mafunzo. Anadhani amebeba mambo ya posa.

Bibi yako

18 Septemba

Shikamoo Bibi,

Muuguzi alinipata ofisini tarehe 16 asubuhi. Nilisoma, nikatoka bila kuaga.

Mwalimu nilimwambia ukweli, kwamba paa linaweza kuanguka. Alinitazama mara moja, akawatoa watoto wote wakiwa katikati ya wimbo. Hakuuliza karatasi. Seremala nilimpata yule anayetengeneza madawati ya shule, ana nywele nyeupe mpaka kwenye masikio. Alipanda ngazi, akautazama ufa, akashuka na kusema, "Huu si wa uzee, huu ni wa wiki hii. Nani anataka kuua watoto?" Tukaweka magogo. Tukaanza upande wa bwawa, yeye tindo, mimi nyundo, mvua inatunyeshea mgongoni. Ilituchukua mpaka saa kumi. Kipande cha mwisho kilipotoka, boriti ilishuka yenyewe na kukaa mahali pake. Niliisikia ikishuka. Seremala alivua kofia.

Nimepima nafasi. Ilikuwa kidole gumba, sasa haifiki hata ukucha. Ardhi imepanda kiasi hicho, Bibi, na mvua bado zipo.

Sasa yaliyobaki. Mkuu wangu alinikuta na tindo mkononi. Nimesimamishwa kazi. Nimeitwa kwenye kikao tarehe 24 kujibu kwa nini nimeharibu jengo la urithi kwa idhini ya mtu asiyejulikana. Ufunguzi umeahirishwa wiki mbili, na nikishindwa kujieleza watajaza tena, maana mhandisi anasema boriti ilishuka kwa sababu sisi tuliigonga. Seremala atasimama na mimi, lakini watasema yeye ni mtu wa madawati.

Barua yako ninayo kwenye mfuko wa ndani. Sijamwonyesha mtu. Nimefikiri nitawaambia niliamua peke yangu, kwa ufa niliouona. Labda itatosha. Sitaki jina la familia lisomwe pale kama lilivyosomwa mara ya kwanza. Na sitaki uwe umenyamaza maisha yako yote, halafu watu wanaokunywa chai wakuongelee.

Niambie nifanye nini. Muuguzi anarudi leo, ndiye anayekuletea. Dereva wetu anapita kwenu tarehe 22, ataleta jibu.

Mjukuu wako

22 Septemba

Marahaba mjukuu wangu.

Wote wazima. Mama yako nimemwambia jana, mezani, mjomba wako akiwepo. Alilia, halafu akaniuliza kama nimekula. Mjomba wako kasahau kulalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Dereva yuko mlangoni anakunywa maji, kwa hiyo sina muda wa kukubembeleza.

Hutasema uliamua peke yako. Hiyo ni ile ile ya baba, na mimi nimeishi na matunda yake, siitaki mara ya pili kwenye ukoo huu. Mtu mmoja kujitwisha kosa la mwenzake kulimfanya yeye awe mzembe kwenye daftari na mimi niwe mwongo nyumbani. Na ukisema ni ufa tu, mhandisi atakushinda kwa ufa mwingine. Hawatashindwa na ufa. Watashindwa na mtu aliyejaza kwa mkono wake akaona kilichotokea.

Tarehe 24 vaa nguo safi, si zile suruali zako. Nenda na seremala, na umwombe mwalimu naye aje. Shika barua yangu ya tarehe 14, uisome mbele yao, yote, kuanzia pale nilipokuwa na miaka tisa. Usiinyooshe lugha. Usiruke mahali. Palipoandikwa "nikajaza" usome "nikajaza", usiweke ile "inasemekana" yenu. Ukifika kwa baba na kidole chake kwenye chokaa, punguza mwendo, wasikie vizuri. Wakitaka kunihoji, niko hapa, waje na viti vyao.

Halafu ukurasa wa tisa uchapwe upya. Andika kwamba fundi alijua na binti yake hakujua. Jina la baba waliandike pale kwenye daftari lenu pia, pembeni ya lile neno la uzembe, kwa wino, wewe ukiwepo.

Ukimaliza kusoma, usikae. Simama hapo hapo mpaka wakupe jibu.

Bibi yako